Mlango Uliofunikwa Kanga

Binti yangu Zuhura alipoukuta mlango umeegemea ukutani alishika kiuno, akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Niliutoa mwenyewe, asubuhi baada ya chai, kwa bisibisi aliyoiacha mjukuu wangu. Skrubu za bawaba ya chini zilitoka kwa adabu. Za juu zilikuwa zimepakwa rangi juu ya rangi, nikazivuta kwa hasira, ya mwisho ikatoka na kipande cha mbao. Nikasogeza pua pale palipochanika, nikitegemea kusikia harufu ya mninga. Nikasikia harufu ya gundi na karatasi. Mlango wa hapa Marekani, wenzangu, ndani ni mtupu kama boksi la viatu. Nilikaa kitandani nikiuangalia, na hapo ndipo ukanijia mlango mwingine, wa utotoni kwangu Tabora, ule uliopita barabarani umefunikwa kanga ya mama yangu.

Lakini nikianza na huo hamtanielewa. Ngoja nianze na simu.

Mimi nakaa Saint Paul, mtaa wa Frogtown, hatua chache kutoka University Avenue, kwenye jengo la mzee mmoja wa Kihmong, wale watu wa milima ya Laos. Nyumba si ya serikali, ni yake, ila kodi yangu sehemu kubwa inalipwa na serikali kwa sababu ya uzee wangu, na mimi naongezea kidogo. Msaada ulikuwa wa vyumba viwili vya kulala, changu na cha mjukuu wangu Hamisi, niliyemlea tangu anaota meno. Sasa Hamisi kakua. Kapata kazi Plymouth, kahamia hukohuko. Nilifurahi, nikapika pilau, nikawagawia mpaka majirani wasiojua pilau ni nini. Kumbe mimi nikipika, kuna watu ofisini wanapiga hesabu zao.

Simu ikalia. Mkalimani alikuwa kijana wa kwetu, mwenye adabu.

"Bibi, shikamoo. Wanasema sasa hivi uko mtu mmoja, kwa hiyo watakulipia chumba kimoja."

"Marahaba. Na kile kingine?"

"Hicho utalipa mwenyewe, au uhame."

"Waambie vyumba vyote viwili bado viko palepale. Aliyetoka ni mtu."

Nikamsikia anatafsiri. Nikamsikia na mwanamke wa ile ofisi anavuta pumzi.

"Anasema anasikitika, Bibi."

Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima yenyewe. Si kwamba sijawahi kusikia habari mbaya, nimezika mume na nimezika ndugu. Kilichonishtua ni jinsi jambo lilivyosemwa taratibu, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Ile hela ya kujazia sina. Zuhura yeye alikuwa na jibu tayari, njoo Blaine tuishi wote. Blaine pazuri, sikatai, nyumba mpya zote, zulia mpaka chooni. Lakini Blaine usipoendesha gari wewe ni kama mzigo uliosahauliwa stendi. Hapa nashuka ngazi mwenyewe, nanunua bamia kwa Mhmong, nanunua ubani kwa Msomali, naenda msikitini kwa miguu, narudi kwa miguu. Kuondoka hapa ni kuwa mtoto tena, wa kubebwa na kuteremshwa. Hilo ndilo nililokuwa nalilia, msije mkadhani nalilia chumba.

Basi nikafikiri, nikafikiri, nikamkumbuka Bi Tausi.

Bi Tausi alikuwa mwenye nyumba wetu Tabora. Nyumba yake ilikuwa ile ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ua nyuma, choo mwisho wa ua. Mwanamke mnene, mweupe wa meno, anapaka dalia ya kunukia, akipita ukumbini unajua kapita hata ukiwa umelala. Alikuwa na neno lake: "Mimi sipangishi vyumba, napangisha milango." Maana yake chumba chenye mlango kina kodi, na chumba kisicho na mlango ni banda, weka kuku ukitaka. Mpangaji akishindwa kulipa, Bi Tausi hapigi kelele wala hamtupii mtu vyombo nje. Anamleta fundi, anang'oa mlango, anakwenda kuuweka kwa mdogo wake mtaa wa pili. Nani atalala bila mlango? Mtu anafunga virago mwenyewe. Akija mpangaji mpya, mlango unarudi. Milango yake yote ilikuwa ya mninga, mizito, imepakwa kijani, na jua likiipiga harufu ya ile mbao inatoka chini ya rangi, tamu kama kitu cha kula. Nimewahi kuilamba. Haina ladha.

Sisi tulikuwa na milango miwili. Mmoja wa baba, mama na wadogo zangu, mwingine wa bibi yangu, mama yake baba, na mimi nikilala naye. Bibi alikuwa miguu imemkataa, siku nzima yuko kitandani au kwenye mkeka, lakini mdomo wake ulitembea kwa niaba ya miguu. Aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, nikune mgongo, mume wetu marehemu alikuwa hajui kukuna." Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama, na mama alijua, wala hakuona wivu, alikuwa hana nafasi.

Baba alifanya kazi kwenye ghala la kampuni moja ya tumbaku. Akirudi jioni, harufu ya tumbaku inaingia kabla yake. Nyumba za kampuni zilikuwa zimejaa, kwa hiyo waliokosa walipewa pesa ya nyumba wapange mtaani, na baba alipewa ya milango miwili kwa sababu ya watu alionao. Haya. Akaja karani mpya, kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Akawaita wafanyakazi mmoja mmoja, unakaa na nani, unakaa na nani. Baba akasema, mke wangu, watoto wangu, mama yangu. Karani akasema, "Mama si familia. Familia ni mke na watoto." Pesa ikawa ya mlango mmoja.

Namkumbuka baba alivyotueleza. Alikaa juu ya kinu, kitu ambacho mwanamume hafanyi, na mama hakumwambia ainuke. Akasema lile neno la karani, akalirudia kama mtu anayejaribu kiatu kisichomwingia. Bibi alikuwa anasikia kutoka chumbani. Mimi nilidhani karani anajua kitu tusichokijua, kwamba labda Bibi kweli si mama yake baba, kwamba aliokotwa. Nilipokwenda kulala nikamchunguza uso kwa mwanga wa koroboi, nikitafuta pua ya baba. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema chawa.

Shauri likawa Bibi apandishwe treni arudi kijijini, akakae na shangazi. Bibi akasema yeye hapandi treni, wakimpandisha atashuka. Mama akamwambia, "Mama, utashukaje na hiyo miguu?" Bibi akasema, "Nitaanguka. Kuanguka nako ni kushuka." Mama akacheka, halafu akalia, halafu akaenda kupepeta mchele. Siku zikapita, kodi ya mlango wa pili haikulipwa, na Bi Tausi akawa akipita ukumbini anatazama ule mlango kama anavyotazama mtu kuku wa Idi.

Asubuhi moja mama akanituma sukari ya chai ya Bibi. Duka lilikuwa mbali kidogo, na mimi nilikuwa mtoto wa kusimama njiani, nikitazama hiki na kile. Narudi na karatasi yangu ya sukari mkononi, nafika pembeni pa mtaa wetu, nawaona wanaume wawili wanatoka kwetu. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Wamebeba kitu kirefu, bapa, kimefunikwa kanga. Na ile kanga naijua. Ni ya mama, nyekundu na nyeusi, ile ya kutokea. Wanakwenda polepole. Watu barabarani wanasimama kuwapisha.

Sasa mtoto wa kwetu akiona watu wamebeba kitu kirefu kimefunikwa kanga, aseme nini? Jeneza nilishaliona. Nilijua linavyokwenda, linavyoyumba. Sukari ikaniponyoka. Sikulia, sikupiga kelele. Masikio yaliziba, kama nimetumbukia kisimani. Kilichoniuma, na nawaambieni ukweli, ni kwamba nilijiona mimi ndiye nimechelewa na sukari, kasubiri chai mpaka kafa.

Sikwenda nyumbani. Nilikimbia kwa baba.

Ghalani sikuwahi kuingia. Kulikuwa giza, vumbi la tumbaku linakata koo, wanaume wamefunga vitambaa puani. Nikasimama mlangoni nikasema, "Baba, Bibi amekufa, wamekwishamtoa." Baba alikuwa amebeba robota la tumbaku. Akaliweka chini taratibu, kana kwamba ndani kuna mayai. Akaniuliza, "Wamemtoa bila mimi?" Nikasema ndiyo, nimewaona. Akakaa juu ya lile robota, na wenzake wakavua vile vitambaa vya pua wote kwa pamoja. Sitasahau nyuso zile, nusu vumbi, nusu safi.

Karani akaja kuuliza kwa nini kazi imesimama. Wakamwambia, kafiwa na mama mzazi. Na yule kijana, wenzangu, uso ulimbadilika, maana naye ana mama. Akasema, "Pole sana, bwana. Nenda. Nenda na wenzako." Akafungua stoo ya kampuni, akatoa jora la bafta nyeupe, akakata sanda, akaikunja vizuri, akaibeba mwenyewe chini ya kwapa. Kampuni ilikuwa na desturi hiyo, mfanyakazi akifiwa na mzazi sanda inatoka kwao.

Tukaenda. Baba mbele, mimi nimeshika shati lake, nyuma wanaume wa ghalani na karani. Njiani watu wanauliza, wanaambiwa, wanajiunga. Wanawake wakaanza kulia kabla hatujafika, wengine wamejitwisha mikeka, mmoja kabeba sufuria kubwa ya msibani. Bi Tausi akatokea kwa mdogo wake, alikokuwa anausimamia mlango wake uwekwe vizuri. Kusikia bi mkubwa kafariki, akajifunga kanga kiunoni, akakimbia, akalia kuliko wote. Nadhani ilimwingia hofu, kwamba mlango ndio umemuua mtu.

Mama alikuwa uani anafua. Anaona ua unajaa watu wanaolia, mumewe mbele. Akaacha nguo kwenye maji, akashika kichwa, na yeye akaanza kulia, hajui anamlilia nani. Baba anamwona mama analia, anathibitisha. Ikawa hivyo, kila mmoja anamwamini mwenzake.

Mpaka ikatoka sauti chumbani. "Jamani, mnaolia. Huyo aliyetumwa sukari yuko wapi?"

Kilio kikakatika kama mtu kafunika sufuria. Baba akaingia. Hapakuwa na mlango, palikuwa na tundu tu ukutani na bawaba zinaning'inia, na ndani Bibi ameketi juu ya kitanda, kikombe cha chai mkononi, anatutazama sote. Walipokuja kung'oa mlango mama aliona haya upite mtaani uchi, watu wajue tumeshindwa kodi, ndipo akautupia kanga yake. Bibi alikuwa ameshuhudia yote.

Baba akaanguka magotini akaweka kichwa mapajani mwake. Wanaume wakatazama chini. Bibi akatupa jicho juu ya kichwa cha baba, akamwona karani ameduwaa na bafta kwapani.

"Na wewe, baba, umebeba nini?"

Karani akasema kwa sauti ndogo, "Sanda, bibi. Ya kampuni."

"Ya nani?"

"Ya… ya mama yake mfanyakazi."

Bibi akanywa chai. Akasema, "Kumbe. Nikiwa hai si familia, nikifa ni familia. Basi mimi nimekwishakufa, si mmenililia? Nipe haki yangu."

Hakuna aliyecheka. Mimi mtoto nilitegemea watu wacheke, wala hawakucheka. Karani akaingia, akaiweka ile bafta kitandani kwa mikono miwili, akatoka kinyumenyume. Bi Tausi alikuwa amejishikiza kwenye mwimo, machozi bado yanamtiririka, akasema, "Bi mkubwa, nisamehe, mlango nitaurudisha." Bibi akasema, "Usirudishe. Umesema mwenyewe, pasipo mlango hapana kodi. Hapa sasa ni banda. Na kuku ni mimi."

Jioni ile alimwambia mama aishone sanda iwe pazia. Mama alikataa, baba alikataa. Bibi akaomba uzi na sindano, akaanza kuishona mwenyewe, macho hayaoni, anajichoma. Mama akampokonya akashona.

Basi tukaishi hivyo. Pazia jeupe, jipya, linanukia wanga, upepo ukipita ukumbini linajaa na kunywea. Mchana lilipendeza. Usiku mimi nilijifunika gubigubi. Hakuna aliyelipita bila kupiga hodi, hata wadogo zangu wasiojua kusema walisimama pale wakisubiri karibu. Bi Tausi alileta wapangaji wa kile chumba, maana kodi ni kodi, huruma ina mwisho wake. Anakuja mtu, anatazama, anasifu, anauliza pazia hili bafta nzuri mmenunua wapi. Bibi anamweleza. Mtu anaaga. Baada ya kama watatu Bi Tausi akaacha kuleta watu. Mlango wake ukabaki kwa mdogo wake, na Bibi akabaki kwetu mpaka kifo chake cha kweli, mimi nimeshaanza kuvaa mtandio. Siku hiyo pazia liliteremshwa, likafumuliwa pindo, likafuliwa, likafanya kazi iliyolileta. Bi Tausi alileta mlango kabla ya maziko, akasimama nao nje, akaogopa kuingia nao.

Ndiyo maana nikashika bisibisi, nikaung'oa mlango wa chumba cha Hamisi. Nilisema, hawa wanataka chumba kimoja? Nitawapa chumba kimoja na banda.

Mwenye nyumba wangu alikuja Jumamosi. Ni mzee kama mimi, mfupi, anavaa kofia ya sufu hata kiangazi. Kiingereza chetu wote wawili ni cha sokoni, kwa hiyo tunaelewana sana. Akasimama mbele ya tundu, akatazama bawaba, akatazama ule mlango.

"Mama," akaniambia, ananiita hivyo, "kwa nini?"

Nikamweleza. Mlango hakuna, chumba hakuna. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakunikata. Halafu akatikisa kichwa taratibu.

"Hapa hawahesabu mlango, Mama. Wanahesabu dirisha."

Nikageuka nikalitazama dirisha la chumba cha Hamisi. Kubwa, vioo viwili, theluji nje. Nilikuwa nimeuweka moyo wote kwenye zile skrubu, na kumbe nimeng'oa kitu kisichohesabiwa.

Akagonga mwimo kwa kidole, koko, kama mtu anayepiga hodi, ndipo akaingia. Sikumfundisha. Akazunguka, akagusa kitanda cha Hamisi, akasema kwamba chini kuna chumba kimoja, yule mtu anahama mwezi huu, kidogo, giza kidogo, boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, iko karibu, lakini ule msaada uliobaki unakitosha. "Na ngazi ni chache," akasema, "goti lako litashukuru." Nikamuuliza duka la bamia nitaliona dirishani? Akasema dirisha linatazama magurudumu ya magari. Nikasema basi nitajifunza magurudumu. Kwani ningesema nini? Frogtown ni Frogtown hata ukiitazama kutoka chini.

Mlango, akasema, tuupeleke karakana yake kule chini akautie gundi, hatanidai. Ukuta wa korido umepakwa rangi mpya, nikaona tutauchubua, nikachukua kanga yangu nikautupia. Yeye mbele, mimi nyuma. Mwepesi, ila ngazi zile na umri wetu, tulikwenda polepole.

Njeri, Mkenya wa mlango wa pili anayefanya kazi ya kutunza wazee, ndiyo kwanza anarudi shifti, anafungua kwake. Akatuona. Funguo zikamdondoka, mkono ukaenda mdomoni.

"Shosho," akaniita, ndiyo bibi kwa kwao, "aki ni nani ameaga dunia?"

Nikataka kucheka nikashindwa, maana nyuma ya miguu yake alikuwa amesimama binti yake mdogo, kwenye nguo za kulalia, kaamka kumpokea mama yake. Alikuwa hanitazami mimi wala mzee. Anatazama kanga. Nayajua macho yale. Masikio yake yalikuwa yameshaziba.

Nikamwambia mwenye nyumba asimame. Tukaulaza mlango pale sakafuni, magoti yakilia. Nikamwita mtoto kwa mkono, "Njoo, mjukuu wangu, njoo uone." Hakuja. Mama yake akamsukuma kidogo, akaja hatua kwa hatua. Nikashika pindo la kanga nikalifunua lote, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, mpaka penye tundu la kitasa.

Akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye lile tundu, akachungulia. Akaniambia, kwa Kiingereza chao, kwamba huu ni mlango tu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Gonga."

Akagonga.